Kuta za Moshi Mjini: Reli, Kahawa na Saruji

Shikamooni wazee, habari zenu ndugu zangu.

Ukitaka kuusoma mji huu wa Moshi, na kujua kwa nini kuta za maduka yake ya zamani zinaharibika kwa unyevu, anzia stesheni. Boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, Moshi ya Kale. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ikaishia huku tambarare, na maduka yakaifuata. Kisha ikaja kahawa: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na fedha ya mkulima ikawa inapita mjini kila msimu.

Nyumba ya duka ilikuwa na mpangilio wake: baraza mbele, duka, stoo, vyumba vya familia, halafu ua wenye jiko. Baraza haikuwa pambo. Ilizuia mvua isiupige ukuta. Leo mtu anaiziba apate fremu ya pili, na ukuta mpya unabaki nje bila paa la kuukinga. Maji yanaingilia hapo.

Mwaka 1971 ikapita sheria ya utwaaji wa majengo, iliyogusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawa mali ya serikali, chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Tangu hapo anayeishi ndani ni mmoja, mwenye jengo ni mwingine. Mpangaji hawezi kugharamia ukuta usio wake, basi anaziba ufa kwa saruji, apake rangi, maisha yaendelee. Simlaumu hata kidogo, ila saruji hiyo ndiyo inayoumiza jengo.

Kwanza ujue ukuta wako. Kwaruza kiungo, yaani udongo ulioshika mawe au matofali, kwa msumari: kikitoka unga mweupe laini, hiyo ni chokaa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa nje. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu, chumvi inasukuma lipu mpaka inabanduka vipande vipande. Fundi anarudi na saruji nzito zaidi, na tatizo linapanda nayo.

Dawa yake ni hii. Bandua saruji hadi mita moja juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta ukauke. Mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 45 unadai mwaka na nusu. Ni muda mrefu, lakini hauna njia ya mkato. Kisha lowesha ukuta, changanya debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga mkali uliooshwa, piga tabaka zisizozidi sentimita moja na nusu, na funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Fanya kazi hii baada ya masika, Juni hadi Septemba. Jua la Januari hukausha chokaa kabla haijashika, ikapasuka. Na chokaa ya gunia lililokaa wazi imeshakufa, haishiki tena, usiinunue.

Malizia kwa rangi ya chokaa. Rangi ya plastiki inarudisha kifungo kilekile.

Halafu tazama barabara. Kila inapowekwa tabaka jipya, sakafu ya duka inabaki chini yake. Chimba mpaka udongo wa nje uwe sentimita 15 chini ya sakafu, na mfereji uteremke kuelekea mbali na msingi. Bila hivyo, hata chokaa bora italoa tena masika yajayo.