DAC: klabu iliyobadilisha nchi mara nne bila kuhama mtaa

Haya jamani, naona wa nyuma bado wanatafuta viti, kaeni tu popote tuanze. Nimeombwa niongelee klabu za Ulaya na najua wengi mmekuja mkitegemea Madrid au Arsenal, poleni sana, leo tunaenda Dunajská Streda. (Vicheko.) Ni mji wa watu kama 23,000 hivi, kusini mwa Slovakia, kilomita 50 tu kutoka Bratislava, na timu yao ni DAC. Inatamkwa "datsi". Mimi siku ya kwanza nilisema "daki", jamaa niliyekaa naye akanirekebisha kabla hata hajanisalimia.

Jina la mji lenyewe lina stori. Streda kwa Kislovakia ni Jumatano. Wakazi wengi pale, karibu robo tatu, ni Wahungaria na wenyewe wanauita Dunaszerdahely, na hiyo szerda nayo ni Jumatano, kisa kulikuwa na gulio kila Jumatano. Yaani ni mji wa Gulio la Jumatano, wakulima watupu, ardhi ya rutuba iliyozungukwa na mto Danube na mkono wake mdogo.

Sasa klabu ilianzishwa 1904, wakati huo pale ni Hungaria, ndani ya ile dola ya Austria-Hungaria. Vita ya kwanza ikaisha, mkataba wa Trianon 1920 ukahalalisha mpaka mpya, watu wameamka wako Chekoslovakia. 1938 Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini zikaamua eneo lirudi Hungaria, likarudi. 1945 likawa Chekoslovakia tena, na safari hii Wahungaria wakanyang'anywa uraia, wengine wakapakiwa kwenye treni na kupelekwa ng'ambo ya mpaka, waliobaki uraia wakaja kurudishiwa baadaye. Halafu 1993 ndo Slovakia. Hesabuni wenyewe, nchi imebadilika mara nne na timu haijahama mtaa. Na hapo katikati kuna jambo ambalo kwenye stori za mpira huwa linarukwa: mji ule ulikuwa na Wayahudi wengi mno, ilikuwa moja ya jamii kubwa za Kiyahudi ukanda ule, na 1944 wakabebwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mji uliobaki baada ya vita haukuwa ule ulioanzisha klabu.

Miaka mingi ya ukomunisti walikuwa timu ya madaraja ya chini tu, hakuna cha kuhadithia sana. Raha inaanza 1985. Wanapanda ligi kuu ya Chekoslovakia, jina lao rasmi enzi hizo DAC Poľnohospodár, hilo neno refu maana yake ni mkulima, sababu sekta ya kilimo ndo ilikuwa inawabeba. Timu ya wakulima inakutana na Sparta ya Praha, timu ya mji mkuu, timu yenye makombe mpaka hayana pa kuwekwa. Na miaka miwili tu baadaye, 1987, wanakutana fainali! Kombe la Chekoslovakia lilikuwa hivi, bingwa wa kombe upande wa Wacheki anacheza na bingwa wa kombe upande wa Waslovakia, kwaiyo DAC kwanza wakachukua la Slovakia, halafu fainali na Sparta, dakika zote suluhu, ikaenda penati, DAC wakashinda. Mpaka leo ndo kombe lao kubwa kuliko yote.

Msimu uliofuata wakamaliza wa tatu kwenye ligi, wakaingia Kombe la UEFA la 1988, wakawatoa Öster ya Uswidi, kisha nani akapangwa nao? Bayern Munich. Kule Munich walipigwa 3-1, lile goli moja la ugenini likawapa watu matumaini kidogo, marudiano wakapigwa 2-0. Lakini nyie fikirieni, Bayern wameshuka kwenye basi Gulio la Jumatano! Wazee wa pale ukiwauliza kuhusu kipigo wanakujibu kuhusu basi.

Baada ya hapo ni kupanda na kushuka, sitawachosha. Ila 2008 lazima niseme. Tarehe 1 Novemba, DAC na Slovan Bratislava, timu ya mji mkuu wa Slovakia, mashabiki wengi wamevuka kutoka Hungaria kuja kuwapa nguvu, polisi wakaingia kwenye jukwaa lao na virungu, watu kadhaa wakaumia. Kufika wiki mbili mawaziri wakuu wa Slovakia na Hungaria wamekaa meza moja mjini Komárno. Mpira wa mkoani bana, umeita mawaziri wakuu.

Tangu 2014 mwenye timu ni Oszkár Világi, aliyekuwa bosi wa kampuni ya mafuta ya Slovnaft, ambayo nayo ni ya MOL, kampuni ya mafuta ya Hungaria, na uwanja mpya unaitwa MOL Aréna, unabeba zaidi ya watu 12,000, yaani nusu ya mji inaingia na bado kuna nafasi. Serikali ya Hungaria kule Budapest nayo imetia hela kwenye akademi. Mimi hapo huwa naguna kidogo, hela ya serikali jirani haiji bure, ila ukikaa jukwaani utaelewa kwa nini wenyeji hawalalamiki. Kabla ya mechi wanasimama wote, skafu za njano na bluu juu, wanaimba kwa Kihungaria wimbo wa bendi moja ya Budapest, taratibu, bila ngoma. Pembeni yangu alikuwa mzee anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatema miguuni mpaka sakafu yote imekuwa ya kijivu, wimbo ulipoanza akafunga mfuko wa mbegu akautia mfukoni, akaimba, ulipoisha akautoa tena.

Ubingwa wa ligi hawajawahi kuupata. 2019 wa pili, 2021 wa pili, 2023 wa pili, na mara zote tatu aliye juu yao ni nani? Slovan.

Kuna dada kanyoosha mkono. Anauliza wachezaji uwanjani wanaongea lugha gani. (Vicheko.) Swali zuri hilo. Aliyekuwa nahodha wao kwa miaka mingi, Zsolt Kalmár, alitokea Hungaria kabisa, huyo hakuwa na shida. Ila wengine wanatoka kila kona, Kombe la Dunia 2018 kule Urusi beki wa DAC alikuwepo, Eric Davis, na alikuwa na jezi ya Panama. Kwaiyo uwanjani wanaelewana wanavyojua wenyewe, Kihungaria kiko jukwaani.