Kiti cha Spika Hapa Nakuru: Kutoka Majimbo Hadi Kaunti

Hamjambo wazee wangu, akina mama, na vijana mliojaa pale nyuma. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Siku ya kwanza nilipoketi sehemu ya wageni katika bunge la kaunti, nilikuwa nimefuata habari za barabara ya kwetu. Barabara sikuisikia. Nilichokiona ni wajumbe watatu wamesimama kwa pamoja, kila mmoja anadai ana hoja ya nidhamu, sauti zimepandana. Spika hakupiga kelele. Alisimama tu. Wale watatu wakaketi, ukumbi ukatulia hata nikasikia karani akifunua karatasi. Ndivyo kanuni za kudumu zinavyotaka: spika akisimama, mjumbe huketi na kufunga mdomo. Nami nikajiuliza, huyu mtu asiye na kura humu ndani, nguvu hizi kazipata wapi?

Kazipata kwa wajumbe wenyewe. Kifungu cha 178 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema spika wa kaunti huchaguliwa na bunge la kaunti, naye asiwe mjumbe wa bunge hilo. Mimi na wewe hatumpigii kura. Na akishaketi, kumng'oa si kazi rahisi: sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka asilimia 75 ya wajumbe wote. Kumwondoa gavana bungeni kunataka thuluthi mbili. Pimeni wenyewe ni nani aliyefungwa kamba nene zaidi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana wengi wetu tunadhani jambo hili lilianza 2013, kaunti zilipoanza kazi. Nakuru ilishawahi kuwa na bunge la eneo. Katiba ya majimbo ilipoanza kufanya kazi Juni 1963, nchi iligawanywa katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na jimbo la Bonde la Ufa makao yake yakawa papa hapa. Aliyechaguliwa kuliongoza bunge lile aliitwa rais wa bunge la jimbo, naye alikuwa Daniel arap Moi, mwalimu wa zamani kutoka Sacho. KADU, chama chake, ndicho kilichopigania majimbo kwa hofu kwamba makabila madogo yangemezwa.

Bunge lile halikudumu. Serikali ya Nairobi, chini ya chama tawala cha KANU, haikuwa na haja ya kulilea. Mabunge ya majimbo yalingoja mamlaka na pesa zilizoandikwa katika katiba, na vyote viwili vikachelewa mikononi mwa wakubwa. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kuingia KANU, mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakabaki jina. Moi mwenyewe akapewa wizara ya mambo ya ndani, Januari 1967 akawa makamu wa rais, na Agosti 1978 akaingia Ikulu. Kiti cha Nakuru kilimpandisha, lakini kiti chenyewe kikafa. Hili linaniuma kila nikilisoma: mwenye kiti alifika mbali, wananchi waliokuwa wanakitegemea wakaachwa bila bunge kwa karibu miaka hamsini.

Mwaka 1976 Nakuru ilirudi katika hadithi ya Moi. Mkutano mkubwa ulifanyika mjini humu, wanasiasa wakitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asishike nchi kwa siku 90 rais akifariki. Mmoja wa waliokuwa mbele kabisa ni Dickson Kihika Kimani, mwanasiasa wa Nakuru aliyejulikana pia kwa kampuni ya kununua ardhi ya Ngwataniro. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwazima Oktoba ile ile kwa kutangaza kwamba hata kuwazia kifo cha rais ni kosa. Nimemtaja Kihika Kimani kwa sababu bunge liliporudi Nakuru, binti yake ndiye aliyeketi kwenye kiti.

Susan Kihika alikuwa wakili aliyewahi kufanya kazi Texas, Marekani. Mwaka 2013 wajumbe wa Nakuru walimchagua kuwa spika wa kwanza wa bunge la kaunti. Fikirieni kazi ile: wadi 55, wajumbe wengi wageni kabisa katika utungaji wa sheria, hakuna desturi ya kurithi, hakuna aliyetangulia wa kumuuliza. Kwa zaidi ya miaka minne alisikia shida za Kuresoi, Gilgil, Naivasha na Subukia zikisomwa mbele yake. Hakuna mwanasiasa mwingine wa kaunti anayelazimika kusikiliza kila upande hivyo bila kujibu.

Mwaka 2017 alikwenda kwa wananchi na wakampa useneta. Yeye, Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Fatuma Dullo wa Isiolo wakawa wanawake wa kwanza kuchaguliwa moja kwa moja kuingia Seneti. Huko akafanywa kiranja wa wengi. Mnaona mgeuko huo? Spika ni mwamuzi, hana timu; kiranja kazi yake ni kuhesabu na kuchunga kura za upande wake. Mei 2020 aliondolewa katika wadhifa huo, mvutano ndani ya chama chake cha Jubilee ukiwa umepamba moto. Mwaka 2022, kwa tiketi ya chama cha UDA, alimshinda gavana wa wakati huo, Lee Kinyanjui, na kuwa gavana, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka ule.

Ameketi pande zote za meza, basi. Alisimamia bunge linalomkagua gavana, na sasa yeye ndiye gavana anayekaguliwa. Gavana wa namna hiyo anajua hoja inazaliwa wapi, inacheleweshwa vipi, inafia kwenye kamati gani. Ujuzi huo ni wa manufaa makubwa kwa kaunti ikiwa spika aliyeko ana uti wa mgongo, na ni hatari ikiwa hana. Ndiyo maana nasema tumekosea kumwangalia gavana peke yake. Safari hii kaunti imelindwa kuliko jimbo la 1963, maana katiba imeweka angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti zote. Lakini pesa hizo anazihoji nani? Bunge. Na mlango wa bunge anaushika nani?

Kiti hicho kinaweza hata kutawala. Kaunti ikikosa gavana na naibu wake kwa pamoja, spika ndiye anayekaimu. Nairobi iliona hivyo Desemba 2020, spika Benson Mutura alipoapishwa kukaimu baada ya gavana Mike Sonko kuondolewa.

Tarehe 10 Agosti 2027 mtamchagua mjumbe wa wadi yenu. Akishaapa, kura yake ya kwanza itakuwa ya spika, nanyi hamtakuwamo ukumbini. Akija kuwaomba kura, mkiwa bado mnaye pale kwenye duka au uwanjani, muulizeni atamchagua mtu wa aina gani, na asiwajibu kwa jina la chama.

Sasa maswali. Mama wa kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja 1976, tuanze naye.