Baridi ya Isyonje Inasingiziwa

Mugonile, wazee wangu. Shikamooni. Na ninyi mliojifunga mashuka mpaka masikioni, nawaona. Leo tuongee juu ya ugonjwa wa viungo na vitamini D. Juni ya Mbeya haimheshimu mtu.

Mama mmoja, mkulima wa viazi, alinionyesha mikono yake. Vifundo vya vidole vimevimba, kulia na kushoto sawasawa, ukivigusa vina joto. Asubuhi hawezi kufungua chupa ya chai, anamwita mjukuu. Kumenya ndizi ni mpaka saa nne, vidole vikishalegea. "Mwanangu," akaniambia, "ni baridi ya Isyonje imeniingia mifupani."

Simlaumu. Kiswahili chenyewe kilishatoa hukumu: ugonjwa kikauita baridi yabisi. Baridi huzidisha maumivu, wagonjwa wengi watakwambia hivyo, ila mwanzilishi siye. Ugonjwa wa mama yule huanza pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Vitamini D inaingiaje hapo? Ngozi huitengeneza kwa jua, ini na figo huikamilisha, kisha husafiri kwenye damu kama barua. Ndani ya seli, zikiwemo za kinga, kuna protini ya kuipokea, yaani kipokezi. Mfikirieni balozi wa nyumba kumi. Barua ikimfikia haikalii; anamchukua mwenzake, protini iitwayo RXR, wanakwenda wawili hadi kwenye vinasaba na kuamuru jeni hizi zifanye kazi, zile zinyamaze. Miongoni mwa zinazonyamazishwa ni zile zinazochochea uvimbe.

Jeni ya balozi huyu iko kwenye kromosomu ya 12, na watu hatufanani. Tofauti inayonivutia mimi huitwa FokI. Ni herufi moja tu ya maandishi ya jeni, pale pale maelekezo ya kuunda protini yanapoanzia. Ikiwa hivi, seli huanza kusoma mwanzoni na kuunda protini yenye asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga, 427. Ikiwa vile, huruka kidogo, inatoka yenye 424. Na huyo mfupi ndiye mchapakazi zaidi! Nyingine ni BsmI, ApaI na TaqI, ambazo hazigusi umbo la protini. Majina yote hayo ni ya vimeng'enya vya bakteria vinavyokata vinasaba. Bakteria wa TaqI alipatikana Yellowstone, Marekani, kwenye chemchemi za maji moto kama zetu za Songwe.

Je, tofauti hizi huleta ugonjwa? Tafiti zinavutana. FokI ilionekana kuhusika zaidi kwa Wazungu kuliko kwa watu wa Asia, na hatari yenyewe ni ndogo. Jeni nzito ni HLA-DRB1, kromosomu ya 6, na hata hiyo haitoshi: kati ya pacha wa kufanana 100 ambao ndugu zao wanaugua, watakaougua nao ni kama 15. Sigara ina hatia kubwa kuliko balozi wetu.

Vidonge? Marekani, watu 25,871 wenye miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Waliomeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku walipata magonjwa ya kinga kujishambulia pungufu kwa asilimia 22 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo mazuri. Lakini Wamasai na Wahadzabe wetu walipopimwa, wastani wao wa vitamini D kwenye damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha kutosha, bila kidonge chochote, kwa jua tu.

Mzee pale anauliza kama alipie kipimo cha jeni. Hapana, mzee wangu. Hela hiyo nenda nayo hospitali ukapimwe damu na viungo mapema, uanzishiwe methotreksati, dawa ya kuituliza kinga, ikibidi. Diklofenaki ya duka la dawa inatuliza maumivu huku kiungo kinaendelea kuliwa.

Sasa kila mmoja akunje ngumi. Halafu mshike jirani yako mkono, ukamue taratibu pale kwenye vifundo, uone kama atashtuka. Mama hapa mbele, tuanze na wewe. Vua glavu.