Klabu Ilipokuwa Inaendeshwa kwa Vibanio vya Nguo

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Ni mimi Neema, na kama kawaida niko na Mzee Bakari. Shikamoo, mzee.

BAKARI: Marahaba, binti yangu. Leo mmejitakia wenyewe, maana nikianza habari za klabu sinyamazi.

NEEMA: Tumejiandaa. Sisi tulioingia kwenye mchezo huu juzi tunadhani klabu ya ndege ndogo, hizi za kuunda zisizobeba mtu, ilianza na rimoti.

BAKARI: Wapi! Rimoti ilichelewa sana kutufikia. Sisi tulianza na ukanda wa mpira wa kusokota, kama ule aliotumia Mfaransa Alphonse Pénaud kule Paris mwaka 1871, ndege yake ikakaa hewani kama sekunde 11 watu wakishuhudia. Unasokota propela kwa kidole mpaka mpira ujae vifundo, unaachia, basi. Kazi yako imekwisha. Kilichobaki ni shauri la ndege na upepo.

NEEMA: Na la miguu yako.

BAKARI: Hasa miguu! Jua likiwa kali, hewa ya chini inapata joto na kupanda. Ndege nyepesi ikinaswa humo haishuki. Inazunguka, inapanda, inakuwa nukta, mara huioni tena. Ndiyo maana kila bawa liliandikwa jina na anwani ya mwenyewe. Baadaye tukajifunza ujanja wa utambi.

NEEMA: Huo nimeusoma tu. Ulikuwaje?

BAKARI: Kile kibawa cha mkia hukigandishi kwa gundi, unakibana kwa mpira mdogo. Kwenye mpira unachomeka kipande cha utambi unaofukuta polepole. Unauwasha, unarusha ndege. Moto ukiufikia mpira unaukata, mkia unafyatuka na kukaa mshazari, ndege inapoteza mwendo na kushuka taratibu, tumbo chini. Urefu wa utambi ndiyo saa yako. Ukiubania, ndege inashuka kabla mambo hayajanoga. Ukizidisha, vaa viatu vizuri.

NEEMA: Leo msimamizi wa kiwanja akikukuta na moto kwenye majani makavu…

BAKARI: Atanifukuza, na ana haki! Hata wakati ule utambi tuliupitisha kwenye kibomba cha bati, ukishakata mpira unazimikia humo humo.

NEEMA: Na kuunda? Mimi yangu nilifungua boksi, nikakaza skrubu mbili tatu, nikaruka.

BAKARI: Na bawa likivunjika unaagiza jingine. Sisi kiwanjani tulikwenda siku moja, mezani tukakaa wiki nzima. Unatandaza mchoro, juu yake nailoni ili gundi isishike, unapanga mbavu za bawa moja moja na kuzishikiza kwa pini. Mti wenyewe ni balsa, ule unaotoka zaidi Ekvado, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Halafu unabandika shashi. Ikishabandikwa inatia huruma: imelegea, makunyanzi kila mahali. Mgeni akiiona anakupa pole. Unaipulizia maji kidogo kama ukungu, unaondoka zako. Ukirudi imejivuta yenyewe, ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Hapo sasa unapaka dopu, ile vanishi ya kukaza shashi.

NEEMA: Na nyumba nzima inanuka.

BAKARI: Nyumba nzima inanuka, na wewe hutoki, maana bawa lazima libanwe ubaoni mpaka likauke. Likijipinda hata kidogo, hewani litakuumbua.

NEEMA: Tuje kwenye redio, yaani kuiongoza ndege ukiwa chini.

BAKARI: Redio ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Marekani kulikuwa na ndugu mapacha, Walter na William Good. Mwaka 1937 walirusha ndege yao iliyoitwa Guff. William alishughulikia redio, Walter ndege. Sasa imo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Ina mabawa ya karibu mita 2.4, na ukubwa ule haukuwa mbwembwe: redio za valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani, na betri zake zilikuwa mzigo. Zilipotufikia sisi zilikuwa zimepungua uzito, ila zina kitufe kimoja tu. Bonyeza mara moja, kulia. Mara mbili, kushoto. Na kilichosukuma usukani si mota. Ni mpira wa kusokota ndani ya kiwiliwili.

NEEMA: Yaani redio juu, mpira chini?

BAKARI: Ndiyo. Mpira ukiisha mizunguko ndege ingali juu, bonyeza mpaka kesho.

NEEMA: Wewe husema kilichotengeneza klabu ni kibanio cha nguo. Watu wanadhani ni utani.

BAKARI: Si utani. Tulitumia masafa ya redio ya megahezi 27, chaneli chache. Wawili wakiwasha chaneli moja, ndege iliyo hewani inasikia sauti mbili na haijui imtii nani. Kwa hiyo palikuwa na ubao, na juu yake vibanio vya rangi, kila chaneli na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Huna kibanio, huwashi. Siku moja mwanachama aliwasha transmita, ile rimoti ya mkononi, akiwa bado ndani ya gari, eti anaijaribu. Ndege ya mwenzake ilikuwa juu, rangi ile ile. Ilijipindua, ikaingia ardhini injini ikiunguruma kwa nguvu zote.

NEEMA: Walipigana?

BAKARI: Karibu. Lakini aliyewasha ndiye aliyekata mbavu za bawa jipya, mwenye ndege amekaa kando anasahihisha. Sasa niambie, mambo hayo leo yatatokea wapi? Tangu yaje masafa ya gigahezi 2.4, transmita na risiva, kile kipokezi ndani ya ndege, zinatambuana zenyewe, hakuna anayemngoja mwenzake. Sisi tukingoja kibanio tulikuwa tunashikiana ndege, tunafundishana kuwasha injini bila kukatwa vidole.

NEEMA: Hapo sikuungi mkono, mzee. Wewe ulikuwa wa ndani. Mgeni alisimama mchana kutwa akitazama wakubwa wakizungusha kibanio baina yao.

BAKARI: Aah. Wapo waliokikumbatia, sikatai.

NEEMA: Na wangapi hawakurudi wiki iliyofuata?

BAKARI: Wengi, pengine. Mimi sisemi turudishe ubao. Ila leo kila mtu anarukia pembeni mwa gari lake. Wekeni hata benchi moja.

NEEMA: Benchi tutaweka, na fundi wake ni wewe. Msikilizaji, ndege za nyaya, zile unazozishika kwa nyaya zikikuzunguka, leo tumeziruka kabisa, ndizo za kipindi kijacho.

BAKARI: Waambie wasile kwanza. Zile zinakuzungusha na wewe mwenyewe.