Mzimu Wenu Anamdai Nani?

Asanteni. Kaeni, kaeni, nafasi zipo huku mbele, hakuna atakayewauma.

Nimesoma hadithi nyingi za kutisha mnazoandika siku hizi, na kipaji mnacho, sitawanyima sifa. Giza mnaliweza. Lakini kila nikifika ukurasa wa mwisho nabaki na swali lilelile, na wanaonijua wameshachoka kulisikia: huyu mzimu anamdai nani? Boma la Mjerumani, usiku wa manane, mnyororo unaburuzwa ngazini. Mpangaji mpya hapati usingizi. Analetwa mganga, ubani unafukizwa, mbuzi anachinjwa, mzimu anatulia. Mwisho. Na aliyemfunga mtu huyo mnyororo? Na wajukuu wa aliyepewa shamba lake? Hao wamelala fofofo hadithi nzima, hakuna aliyewagusa hata kwa kidole. Mmemnyamazisha marehemu kwa mbuzi mmoja, halafu mnaiita haki.

Sisemi tambiko ni baya. Nasema limekuwa njia ya mwandishi kukimbia kazi.

"Mwalimu, kwani lazima? Si burudani tu?" Naziona nyuso, msijifiche. Burudani sawa. Ila anayetaka kutisha tu anaye chatu, anaye fisi, anayo ajali ya barabarani. Ukishamwita maiti aje aseme, umefungua shauri. Huwezi kumkatiza shahidi katikati kwa sababu kurasa zimekwisha.

Sasa niwape Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani. Najua, Mkwawa tena. Wanafunzi wangu wa zamani pale pembeni wameshaanza kucheka. Vita vya Lugalo sivielezi, mlivisoma shule ya msingi. Mimi nataka fuvu. Julai 1898 Mkwawa anajipiga risasi asikamatwe. Kichwa kinakatwa, kinachukuliwa. Miaka inapita, vita kuu inapiganwa, Mjerumani anashindwa, na mwaka 1919 wakubwa wa dunia wanakaa Versailles kupanga nani alipe nini. Ndani ya mkataba ule, pamoja na fidia na mipaka na majeshi, imo ibara ya 246: Ujerumani itoe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Mtu aliyefia porini kule Iringa kawafuata mpaka kwenye meza yao! Nani kati yenu angethubutu kubuni hilo? Mhariri angewarudishia mswada, kwamba umezidisha chumvi.

Lakini isomeni ibara vizuri. Fuvu akabidhiwe nani? Wahehe? Thubutu. Ikabidhiwe serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wajerumani nao wakasema hawalijui lilipo. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwishowe Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, akaenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho yana mafuvu tele, likachaguliwa moja kwa vipimo na tundu la risasi, na Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga. Lipo pale mpaka leo, nyuma ya kioo. Na wapo ambao hawajaacha kuuliza kama ni lenyewe.

Riwaya iko hapo, ndugu zangu! Ikiwa si lenyewe, yule nyuma ya kioo ni nani, anayesalimiwa kwa jina la mwingine tangu 1954? Kwao wapi? Nani anamsubiri? Na mwenye jina yuko rafu gani? Mpeni sauti huyo wa kwenye kioo muone kama atataka mbuzi. Atataka daftari la makumbusho lifunguliwe ukurasa kwa ukurasa, na ataeleza ni mlango gani wa kubisha. Huyo ndiye mzimu ninayemwomba kila siku: anayemjua mdaiwa wake kwa jina.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya mwanahistoria. Mwanahistoria huenda karatasi iliko, na karatasi iliandikwa na aliyeshika kamba. Aliyenyongwa hakuachiwa kalamu. Mangi Meli, chifu wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 1900, kichwa chake kikasemekana kimepelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametafuta kichwa cha babu yake miaka na miaka. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin wakatangaza majibu ya vinasaba: fuvu moja lilipatana kabisa na ndugu walio hai, nalo ni la Akida, mshauri wa Mangi. La Mangi mwenyewe halikuonekana. Mbele ya pengo kama hilo mwanahistoria anaweka nukta, na anafanya vyema. Mtunzi anaanzia kwenye nukta hiyo, lakini aje na tarehe na majina mkononi. Ukungu peke yake hautoshi.

Nilikuwa na mambo mengine matatu, na naona saa inanikimbia.

Njaa. Mizimu yenu wote wamenyongwa au wamezama. Wakati wa Majimaji, vita vya kumpinga Mjerumani, mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi; makadirio ya chini ya waliokufa ni 75,000, ya juu yanafika 300,000, na wengi wao iliwaua njaa. Mzimu wa mtoto anayefunua masufuria usiku jikoni, moja baada ya jingine, sijamwona katika hadithi yenu hata moja.

Askari. Wengi wa waliobeba bunduki za Mjerumani walikuwa weusi kama mimi na wewe. Nalipita, lina mhadhara wake.

La tatu halipitiki. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mjerumani alitawala mpaka akaondoka bila kuufuta. Hapo si mbali. Ina maana humu ndani yupo ambaye bibi wa bibi yake aliwahi kuwa mali ya mtu, na yupo ambaye babu wa babu yake ndiye aliyekuwa mwenye mali, na pengine hao wawili ni ukoo mmoja, wanazikana, na kila mtu anajua nani haulizwi neno kwenye kikao cha mirathi, bila kusemwa kwa nini. Mjerumani ni rahisi kumwandika, kashaondoka. Niandikieni mzimu anayebisha kwa babu yako wewe, anayewaita kwa majina, na madai yake ni ya kweli. Nimelisema hili mara nyingi, na jibu ni moja: "Mwalimu, ukoo utaninunia." Ukununie.

Maswali. Tuanze na dada mwenye daftari. Liwe swali tafadhali, hotuba nimeshaitoa mimi.