Bahari kubadilika rangi wakati wa kaskazi

Assalaam alaykum. Akina mama wa mwani, wazee wetu wavuvi, vijana wa skuli, ahsanteni kwa kuitika.

Swali lenu ni ile michirizi ya kahawia inayoelea baharini kuanzia Januari hadi Machi. Kwa mbali utadhani mtu kamwaga unga wa msumeno. Wengi husema ni joto. Silikatai: maji yetu hapa Zanzibar Agosti huwa kiasi cha nyuzi 25, Machi hukaribia 30. Lakini mimi naanza na upepo.

Kusi likivuma, bahari huchafuka, maji ya juu na ya chini yakachanganyika. Kaskazi ni mwepesi zaidi, na zikija siku za shwari, maji ya moto hutanda juu, ya baridi yakabaki chini. Hapo bahari ni ya anayejua kuelea.

Naye yupo: Trichodesmium, bakteria anayeishi kwa jua kama mmea. Ndani ya seli zake mna vifuko vya hewa. Teka maji ya michirizi ile kwenye chupa ya kioo uiache mezani. Vifundo vya nyuzinyuzi, vidogo vya milimita chache, vitapanda juu vyenyewe. Tena maji yetu ya juu ni maskini wa nitrojeni, mimea mingine midogo hudumaa. Yeye huichukua ile ya hewa iliyoyeyuka majini. Kinachombana ni uhaba wa fosforasi na chuma.

Kwingine mambo ni mbali na haya. Katika Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, michirizi huja Julai na Agosti, nayo hulishwa na fosforasi inayotoka kwenye tope la chini oksijeni inapokwisha. Na ule ukijani wa ufukweni mjini Unguja msiusingizie kaskazi. Ule unakula maji yetu ya vyoo, na hapo lawama ni yetu.

Mnauliza, tumfukuze Trichodesmium? Kwa lipi? Trichodesmium akifa, michirizi hugeuka waridi na kunuka, kweli, lakini nitrojeni aliyoikusanya humwagika majini na wengine wakala.

Wasiwasi wangu ni kwenu akina mama. Yuko jamaa yake, Lyngbya, anayejizungusha kama nywele kwenye kamba mnazofungia mwani na kwenye mwani wenyewe. Baadhi yake wana sumu inayowasha ngozi. Mkimwona, vaeni glavu, msimtoe kwa mkono mtupu, na mkitoka majini jioshe kwa maji ya bomba kabla ya kushika watoto.

Haya, maswali.