Shubiri ya Chini: Nyoka na Vifaranga Wagonjwa Bandani

Assalaam aleykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za tangu asubuhi? Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa chini ya mwembe huu kwa ajili ya kuku. Na wewe mama uliyekuja na tenga, nimeshawasikia wanalia humo ndani. Waweke kivulini, tutawatazama.

Nimeombwa nizungumze mambo mawili: nyoka, kisha vifaranga wanaougua. Walionialika walitaka kila moja lipate muda wake. Nimewaambia siwezi kuyatenganisha, na sababu yenyewe iko kwenye banda langu.

Nilipoanza kufuga kwa kukusudia, hapahapa Pangani, mtetea wangu mwekundu aliangua vifaranga 14. Walipofikia wiki ya tatu, alfajiri moja nikamsikia mama yao anapiga ile kelele ambayo kila mfugaji anaijua. Nikafungua banda, tochi mkononi. Swila alikuwa kwenye kona, shingo ameitanua, na mwilini vimbe tatu zinaonekana waziwazi. Alikuwa ameingilia uwazi wa chini ya mlango, vidole vitatu tu, na baada ya kushiba akashindwa kupita pale alipopitia. Majirani wakaja na fimbo, wakammaliza. Mtaa mzima ukanipa pole.

Wakabaki 11. Nikaziba uwazi kwa tofali, nikalala usingizi wangu. Siku nne baadaye mmoja akazubaa, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Mpaka Ijumaa nilikuwa nimezika 8. Kwa hao hakuna aliyekuja kunipa pole, maana kifaranga kufa kwa ugonjwa tumekuzoea, na mimi mwenyewe nilisema nyoka kaniachia mkosi. Afisa mifugo alipofika hakuanza na kuku. Aliinama, akaingiza mkono kwenye maranda karibu na chombo cha maji, akachota gao moja, akalikamua. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nyoka alichukua watatu, sakafu yangu ikachukua wanane. Tangu siku ile banda nalitazama kuanzia chini, ile shubiri ya kwanza kutoka sakafuni. Nasema shubiri ya kupimia, gumba mpaka kidole cha mwisho, si ile chungu mnayowatilia kuku kwenye maji. Hiyo nitaifikia.

Nyoka kwanza. Mara nyingi kilichomleta kwako ni panya, na panya ameletwa na pumba uliyomwaga jana jioni. Akishafika ndipo anakutana na mayai na vifaranga. Sasa nendeni mkatazame nyuma ya majiko yenu: makumbi ya nazi, makuti ya zamani, kuni za mwaka juzi, mabati yaliyolazwa chini. Hapo nyoka ana kivuli, ana maficho na ana chakula. Ondoeni vyote karibu na banda, majani yafyekwe. Pumba ikae kwenye ndoo yenye kifuniko, na chakula kilichobaki kisilale bandani. Mayai yaokotwe kila siku kabla ya magharibi.

Halafu wavu. Wavu wa kuku tunaoununua madukani umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Matundu yake ya inchi moja nyoka mwembamba anayapita bila taabu, na kifaranga mchanga pia anapenya. Unaotakiwa ni ule wa matundu ya robo inchi. Ni ghali, najua. Basi usizungushie banda zima. Zungushia chini, nusu mita kwenda juu, na shubiri moja uifukie ardhini. Chini ya mlango pigilia kipande cha tairi kinachogusa sakafu. Kisha ingia bandani mchana wa jua kali, ziba madirisha kwa kanga, ufunge mlango, uchutame. Popote utakapoona mwanga usawa wa miguu yako, hapo ndipo njia yake. Wenye mabanda ya kuinuliwa juu ya nguzo, vivisheni kila nguzo bati laini kama kofia iliyopinduliwa, panya asikwee.

Najua mtaniuliza oili chafu, mafuta ya taa, vitunguu saumu na kuchoma mpira. Msivitegemee. Mvua moja inaosha, upepo mmoja unapeperusha, na uwazi wa chini ya mlango uko palepale. Tena moshi wa mpira unamwumiza kifaranga, na mafuta ya taa yakimgusa yanamchoma ngozi. Wengine hapa pwani mnazungushia nyavu chakavu za samaki. Nyoka ananasa kweli, lakini asubuhi unamkuta swila yu hai, ana hasira, kwenye nyavu ambayo mtoto wako anaweza kuivuta.

Mayai yakipotea bila ganda kubaki, fikirieni nyoka au kenge. Maganda yaliyotafunwa ni kazi ya panya. Na yupo nyoka mmoja mdogo namwonea huruma, mla mayai. Hana sumu, meno karibu hana. Anatanua taya mpaka ngozi ya shingo inakuwa kama kitambaa kilichovutwa, anameza yai zima, analivunja kwa mifupa ya ndani ya shingo, kisha analitema ganda limekunjamana. Akishtuliwa anasuguanisha magamba yake, analia kama kifutu, na kwa ajili hiyo anauawa. Lakini kwa kuwa wengi wetu hatuwezi kuwatofautisha, sheria ni moja: usimshike nyoka yeyote kwa mkono.

Na hili nawaomba kwa moyo wote: msilale na kuku atamiaye chini ya kitanda. Nyoka anayemfuata kuku ndani anapita alipolala mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na waliosahaulika ni watu kama sisi, wanaoingia bandani usiku pekupeku. Vaa mabuti, beba tochi. Swila akikutemea mate machoni, osha kwa maji safi mengi, hapohapo, usisugue, kisha nenda hospitali. Akikuuma, vua pete na bangili, kiungo kisichezeshwe, mpelekeni mgonjwa hospitali haraka. Msichanje, msifyonze, msikaze kamba.

Sasa vifaranga. Ukimwona amejikunyata, fanya mambo mawili kabla ya kukimbilia dukani: mtenge na wenzake, na umpe joto. Wiki ya kwanza kifaranga asiye na mama anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kidogo kila wiki. Kipimajoto huna? Watazame wanavyolala. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakikimbilia kuta huku midomo wazi, wameunguzwa. Wakitawanyika wametulia, umepatia. Mimi hutumia dumu la lita 5 lenye maji ya moto, nalizungushia kanga kuukuu, nalilaza katikati ya boksi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni mauti, kwao na kwenu.

Akiwa na kinyesi kilichoganda nyuma, usikibandue. Kilainishe kwa maji ya vuguvugu, pafute, mkaushe kabla hujamrudisha.

Kuhara damu, ule ulionimalizia wanane, huwapata zaidi kuanzia wiki ya tatu. Vijidudu vyake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu na joto. Dawa ipo, yenye amproliamu, inatiwa kwenye maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wape kundi lote, siyo mgonjwa peke yake, maana wote wamedonoa sakafu moja. Siku hizo msichanganye na vitamini, kwa sababu dawa hiyo inamnyima kijidudu vitamini B1, ukimwongezea, umemlisha. Na maranda ya zamani yatoke yote. Chombo cha maji kiinuliwe juu ya tofali, usawa wa mgongo wa kifaranga, wasiingie kwa miguu.

Mdondo, mnaouita pia kideri, hauna tiba. Nimeona watu wanauza kuku mmoja wanunue vidonge vya kuwatibu wengine, na wote wanakufa. Vidonge hivyo vinaua bakteria. Mdondo ni kirusi. Kinga ni chanjo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Ile ya I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, ndiyo maana inatufaa huku vijijini, lakini msiiache juani. Wachanjwe wakiwa wazima. Anayeumwa kwa mdondo chanjo haitamwokoa.

Na shubiri mmea? Bibi yangu aliitumia, nami namheshimu bibi yangu. Lakini maji yakiwa machungu kifaranga anakunywa kidogo, na mgonjwa anayehara anakufa kwa kukauka. Mpe maji safi kwanza, yenye sukari kidogo siku ya kwanza.

Haya, mama, lete tenga. Wana umri gani? Siku 22. Huyu mdogo ndiye aliyekuleta, sivyo? Tazameni wote: macho amefumba nusu, mabawa yamelegea, manyoya yamesimama. Namgeuza. Mnaona hapa nyuma, rangi ya kahawia na huu mstari mwekundu? Nani ana maji ya vuguvugu? Na kitambaa kikavu. Mama, dawa tutaipitia dukani tukitoka hapa, na leo hiihii nakuja kwako, tukayakamue maranda kabla jua halijazama.